Lenta ya Darasa la Kwanza

"Siku kumi na moja," nilimwambia Zablon kwa mara ya tatu. "Siyo miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu umeitoa wapi?"

"Mama Penina, hakuna jengo la siku kumi na moja."

"Lipo. Liko nje ya dirisha lako. Geuka uliangalie."

Hakugeuka. Alikuwa ameshika rasimu yangu ya historia ya chuo kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Zablon ndiye mkuu wa Chuo cha Ufundi Mlowezi. Nimempita miaka saba, na kila tukikutana ananipa shikamoo yake kamili, lakini ukifika ubishi heshima yote anaiacha mlangoni.

"Tukiandika siku kumi na moja watu watasema tulijenga kibanda," alisema. "Jumamosi ni jubilei, tuna wageni mia mbili. Wataondoka na kitabu hiki mkononi. Watu wa usajili nao watakisoma."

"Basi wasome ukweli. Tulichimba msingi Jumatatu, na Alhamisi ya wiki ya pili mgeni akakata utepe. Juu palikuwa na turubai tu, bati zilikuja baadaye. Lakini kuta zilikuwa zimesimama. Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa darasa la sita unakimbizana na mbuzi."

"Sikuwahi kuchunga mbuzi mimi."

"Haya, kuku."

Matroni Emiliana, aliyekuwa ameleta orodha ya vitanda isainiwe, alicheka hadi akaweka orodha mezani. Zablon alijaribu kununa, akashindwa.

Nilipewa kazi ya kuandika historia ya chuo kwa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa katibu wa darasa la kwanza, mwaka 2000, tulipoanza watu kumi na tisa kwenye ukumbi wa kuazima wa kanisa, tukigawana nyundo nne. Pili, mimi ni fundi sanifu wa majengo. Cheti nilikipata hapa, stashahada nikaifuata baadaye nikiwa na mtoto mgongoni, na leo kazi yangu ni kukagua majengo ya watu na kuwaambia wasichopenda kusikia. Bodi ilisema Dorkasi Matonya hawezi kuandika maneno ya sukari. Walisema kweli.

Na historia yenyewe haikuhitaji sukari. Mlowezi hakijajengwa na mkandarasi. Kimejengwa na wanafunzi wake. Ilikuwa sheria tangu mwanzo: kila darasa la ujenzi linajenga chumba ambacho darasa linalofuata litakisomea. Humjengei aliyekufundisha, wala hujijengei mwenyewe. Unamjengea anayekuja. Kwa miaka ishirini na mitano tumekwenda hivyo, chumba juu ya chumba, mpaka eneo lililokuwa la miiba huku Dodoma, upande wa Nzuguni, limejaa karakana, madarasa na mabweni. Darasa Namba Moja, kazi yetu, ndilo wanaliita jengo mama. Limepakwa rangi ya bluu, na mbele yake ndipo kila mwaka wahitimu wanapiga picha.

"Daftari la kazi lipo," nilisema. "Kila siku tuliandika tulichofanya. Liko stoo. Nikikuletea ukaona tarehe kwa macho yako, utaiacha sentensi yangu?"

"Ukiliona."

"Nikiliona."

"Naiacha. Na soda nakununulia."

Nilikwenda stoo mwenyewe. Ilinichukua karibu saa nzima kati ya vyerehani vibovu na makopo ya rangi, lakini nililipata: daftari kubwa la jalada gumu, kona zimeliwa na panya. Nilirudi nalo ofisini nikipiga chafya, nikaliweka juu ya rasimu, nikalifungua kwa kishindo.

"Tisa Oktoba, Jumatatu," nilisoma kwa sauti. "'Leo tumechimba msingi. Udongo mgumu. Sila ameumia kidole.' Haya. Hesabu mwenyewe."

Zablon aliinama. Mwandiko ulikuwa wangu, ule wa zamani wenye mikia mirefu. Nilianza kufungua kurasa nikihesabu kwa sauti, siku ya pili, ya tatu, ya nne, nikifurahia. Nakiri nilifurahia. Siku ya tisa ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba. Niliisoma kwa sauti ile ile ya ushindi, na nilikuwa nimefika katikati kabla sijasikia ninachosoma.

"'Leo tumemwaga lenta. Nondo hazijafika kutoka mjini. Mwalimu Uwesu amesema tuweke vipande vifupi kwenye pembe ili mgeni wa kesho kutwa aone vichwa vyake vikichomoza. Mgeni akiondoka tutabomoa na kumwaga upya. Saruji mifuko kumi na minne. Chakula, ugali na mlenda. D. Matonya, katibu.'"

 Nje, darasa la useremala lilikuwa linapiga randa.

"Endelea," Zablon alisema.

Nilifungua. Jumatano: usafi. Alhamisi: mgeni. Ijumaa: Mwalimu Uwesu amefiwa na baba yake, amesafiri kwenda Kondoa. Jumamosi: tumeondoa mbao za boksi. Jumatatu iliyofuata: tumeanza kupaua. Nilirudi nyuma, nikasoma upya. Nikaenda mbele kurasa kumi, kumi na tano, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Bati. Plasta. Rangi. Hakuna siku iliyoandikwa kubomoa. Hakuna siku iliyoandikwa kumwaga upya.

Kwa asiyejua: lenta ni ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha na kubeba kila kilicho juu yake. Zege peke yake likibanwa linavumilia, likipindwa linakatika. Nondo ndani ndizo zinazolizuia lisikatike. Fundi yeyote anajua hivyo. Lakini Oktoba ile sisi tulikuwa na wiki sita tu chuoni. Zege la nondo lilikuwa somo la muhula wa tatu. Niliandika maneno yale jinsi nilivyoandika mlenda.

Na mlenda ndio nilioukumbuka. Kwa miaka ishirini na mitano nimesimulia habari za jengo lile, kwenye harusi, kwenye misiba, kazini, na kila mara niliukumbuka mlenda wa siku ile. Nondo sikuzikumbuka hata mara moja.

"Wewe ndiye uliyemwaga jamvi la juu, ile sakafu ya zege ya ghorofa," nilimwambia Zablon.

Alijua tayari. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mwaka 2008 wanafunzi wa ujenzi hawakuwa na kiwanja cha kujenga, wakaamua kupanda juu. Wakachagua jengo la zamani kuliko yote, kwa sababu lilikuwa limesimama muda mrefu kuliko yote. Wakaondoa bati, wakamwaga jamvi, wakajenga chumba cha pili. Zablon alikuwa kiongozi wa kundi.

"Tulikwangua pembe zote nne," alisema. "Tuliona nondo. Mama Penina, niliziona kwa macho yangu. Tulifungia za kwetu pale pale, kwa waya."

"Uliona vichwa."

"Nani anaweka kichwa bila mwili?"

"Sisi."

Matroni Emiliana alikuwa bado ameshika kalamu. Aliniangalia, akamwangalia mkuu wake, akasema polepole, "Si ndiko wanakolala wasichana?"

Ndiko. Thelathini na wawili, vitanda vya ghorofa vya chuma, na masanduku yao. Binti yangu Penina, mwaka wa pili wa umeme, yuko kitanda cha dirishani. Nilimchagulia mwenyewe. Nilisema pana hewa.

Sikutaka kuamini daftari. Mimi siamini karatasi, naamini zege. Nilikwenda karakana, nikachukua nyundo na tindo, nikaenda nyuma ya jengo mama kwenye lile dirisha lake pana. Juu yake kulikuwa na ufa. Kila mtu Mlowezi anaujua. Kila mwaka unazibwa, unapakwa rangi, mvua zikija unarudi. Tulisema ni udongo wa Dodoma, unavimba na kusinyaa. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo mbele ya bodi, na wakaandika.

Wasichana walikuwa darasani, juu hapakuwa na mtu. Nilipanda stuli, nikaweka tindo chini ya lenta, katikati kabisa. Plasta ilitoka kama ganda la yai. Sentimita tatu, nne, tindo ingekuwa imeshagonga chuma. Ule mlio unaujua hata ukiwa umefumba macho. Nilipiga. Sentimita tano. Sita. Lilitoka zege tupu, kokoto kubwa za kuokotwa, tulizozigonga sisi wenyewe. Nilifika nane. Nikaingiza kidole chote kwenye tundu, nikazungusha. Vumbi.

"Jaribu pembeni," Zablon alisema kutoka chini. 

Pembeni, tindo ililia. Chuma. Nilifuata ile nondo kuelekea katikati, nikichimba mfereji. Futi moja. Futi moja na nusu. Ikaisha. Iliishia palipokatwa kwa msumeno, na alama za meno ya msumeno zilikuwa bado safi, kama zimekatwa jana.

Nilishuka. Nikashika ukuta, kisha nikautoa mkono haraka.

"Mpigie Mwalimu Uwesu," nilisema.

Mwalimu Uwesu, aliyetufundisha ujenzi, aliondoka Mlowezi mwaka 2003, akarudi kwao Kondoa kulima. Alikuwa amealikwa kwenye jubilei. Zablon alipiga, akaweka sauti ya nje, akanipa simu, na mwalimu akapokea kwa furaha.

"Shikamoo, mwalimu. Dorkasi hapa."

"Marahaba, mwanangu! Katibu! Nakuja Ijumaa, inshallah, mwambie mkuu wako nauli imefika. Bado una ulimi ule?"

"Bado. Mwalimu, ile lenta ya chumba cha kwanza. Tuliyomwaga bila nondo. Ilibomolewa lini?"

 Nilisikia jogoo upande wake.

"Si Gaudence aliibomoa? Mimi nilimwachia maagizo Gaudence siku nilipofiwa. Nikamwambia, mgeni kaondoka, bomoeni."

Gaudence alikuwa mwalimu wa useremala. Alifariki zamani. Siku ile aliposikia "bomoeni" sijui alielewa nini. Labda aliondoa mbao za boksi, zile zilizoshikilia zege, akaona kazi imekwisha. Daftari langu linasema Jumamosi ile mbao ziliondolewa.

"Haikubomolewa, mwalimu."

"Nilirudi baada ya arobaini nikakuta wameshapiga plasta. Plasta haikuonyeshi ndani, mwanangu. Nikajua imefanyika. Kwani... mmeona nini? Ufa?" Kisha akajituliza mwenyewe. "Lakini ile haina taabu sana. Inabeba bati tu. Bati ni nyepesi."

Zablon aliziba mdomo kwa kiganja.

"Haibebi bati, mwalimu. Kuna jamvi. Kuna chumba juu. Tangu mwaka 2008."

"Juu ya ile?"

"Juu ya ile."

"Nani yuko huko juu?"

"Wasichana. Wanalala. Thelathini na wawili."

Sikusikia tena hata jogoo. Nilidhani simu imekatika, nikaita, "Mwalimu?" Akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mtu aliyekuwa akitufokea mpaka ng'ambo ya korongo wanasikia. "Dorkasi. Mimi nilisema vipande tu. Kwa siku mbili. Kwa ajili ya mgeni." Akarudia, "Kwa siku mbili." Kisha simu ikakatika kweli.

Tulisimama pale, mimi na Zablon, na ufa juu yetu. Ilikuwa saa tisa kasoro. Kengele ya kutoka darasani ni saa kumi na nusu.

Yeye ndiye aliyeanza kusema, na alisema haraka.

"Sikiliza. Limesimama miaka kumi na saba na ghorofa yake. Haliwezi kuanguka leo kwa sababu sisi tumejua leo. Tunaweka mirunda chini, miti kumi, kumi na tano ya kuegemeza, inabana. Jumamosi tunamaliza sherehe. Jumatatu naita mhandisi, nawahamisha wasichana kwa utaratibu, naandika barua kwa wazazi. Kwa utaratibu, dada."

Mambo yakiwa mabaya ndipo ananiita dada.

"Mirunda utaisimamisha juu ya nini? Ile sakafu ya chini nayo tuliimwaga sisi."

"Juu ya mbao."

"Na nani ataingia chini kuiweka? Utamtuma mwanafunzi?"

Alifuta jasho kwa tai yake.

"Na Jumamosi," niliendelea, "wahitimu wote watataka kupanda juu kuona walipolala. Watapanda na waume zao na watoto. Watacheza. Wewe umewahi kuona wahitimu wa Mlowezi wasicheze?"

"Nitafunga kwa kamba. Nitaweka mlinzi."

"Zablon, nimekaa miaka kumi na mbili nikifunga majengo ya watu kwa kamba. Najua kamba inadumu muda gani. Msichana amesahau chaja, anaruka kamba. Amesahau taulo, anaruka. Mlinzi ni mjomba wake, anamfungulia."

"Unataka nifanye nini?" Sasa alikuwa anapaza sauti. "Jengo mama! Wageni mia mbili! Niwaambie chuo cha ujenzi kimejenga jengo lisilo na nondo? Nani ataleta mtoto hapa Januari? Na hicho kitabu chako, utaandika nini humo?"

"Kitabu kiweke pembeni. Mimi nimemwaga chini, wewe umemwaga juu. Hakuna wa kumsubiri hapa."

Aliangalia chini. Nilimwonea huruma, lakini huruma haishikilii jamvi. Nilimgeukia matroni, aliyekuwa ametufuata na orodha yake.

"Emiliana, wasichana wakitoka darasani wasipande. Hata mmoja. Useremala kuna nafasi?"

"Meza za maonyesho zimepangwa, mama."

"Zipangue. Watalala huko."

"Na magodoro yao?"

Hilo lilinisimamisha. Magodoro, daftari, sare, dawa za mmoja mwenye pumu, vyote viko juu. Ningewapandisha wote kwa pamoja kuvichukua, ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote, watu thelathini wakikimbia na masanduku. Nilivua viatu.

"Nitapanda mimi peke yangu. Nitavirusha."

"Huwezi peke yako," Zablon alisema.

"Basi panda na wewe. Wawili, basi."

Tulipanda ngazi ya chuma ya nje, ile iliyofungwa ukutani kwa boliti, tukitembea kama watu walioingia kwenye nyumba ya msiba. Nilianza na kitanda cha dirishani. Shuka la Penina lilikuwa limekunjwa vizuri, na juu ya mto kulikuwa na picha yangu, ile nimevaa kofia ngumu, nacheka. Niliitia kwenye foronya, nikafunga godoro, nikalitupa nje. Tulirusha yote. Magodoro thelathini na mawili, vifurushi, ndoo, viatu. Masanduku mazito tuliyashusha moja moja kwa mkono.  

Kengele ikalia tukiwa tunashusha la mwisho. Wasichana walikuja mbio, wakakuta vitu vyao vimerundikana kwenye vumbi, mbwa wa mlinzi amekaa juu ya godoro.

"Mama!" Penina alipenya. "Mama, unafanya nini? Watu wananiangalia! Tuna mtihani kesho!"

"Mtaufanyia useremala. Chukua godoro lako."

"Kwani tumefanya kosa gani?"

"Hamjafanya kosa. Tumefanya sisi." Nilimwambia yote, palepale, mbele ya wenzake, kwa maneno machache, kwa sababu ndio waliokuwa wanalala juu yake na walikuwa na haki ya kujua kabla ya bodi. Nilipofika kwenye vipande vya pembeni, msichana mmoja wa darasa la ujenzi aliinua macho kwenye dirisha lile pana, akalihesabu upana kwa midomo, na akarudi nyuma hatua tatu. Wenzake walimwona, nao wakarudi nyuma. Wa mwisho kurudi alikuwa Penina.

"Juzi tulicheza kuruka kamba humo ndani," alisema. "Wote."

 Nilimshika mkono nikamsogeza nyuma hatua nyingine.

"Nitaufunga mlango kwa kufuli," Zablon alisema nyuma yangu. "Funguo nakaa nazo mimi."

"Kufuli lina funguo," nilisema. "Angelina, niletee spana. Ishirini na nne. Na mafuta."

Angelina, yule msichana wa ujenzi, alikimbia. Zablon alielewa nilipopiga goti kwenye boliti ya kwanza ya ngazi.

"Mama Penina. Ile ngazi tuliichomelea sisi."

"Najua."

"Bodi haijakaa."

"Ikikaa itakuta haipo."

Boliti zilikuwa nane, zina kutu ya miaka kumi na saba. Mbili za chini zilitoka. Ya tatu ilikataa. Niliipaka mafuta, nikavuta hadi spana ikateleza na ngozi ya vidole ikachubuka. Nilikuwa nafuta damu kwenye sketi alipoinama pembeni yangu, tai yake imetupwa begani, akaichukua spana mikononi mwangu bila kuniangalia. Alizijua boliti zile kuliko mimi. Alijua ipi inazunguka kinyume. Alifungua ya tatu, ya nne, akapanda nusu ya ngazi kufungua mbili za katikati, akashuka.

"Wote nyuma," alisema. "Nyuma kabisa. Mpaka kwenye bendera."

Mbili za juu alizifungua akiwa kwenye ngazi ya mbao ya useremala, mimi nimeishika. Ya mwisho ilipotoka alishuka haraka, tukaweka mabega yetu kwenye nguzo ya ngazi ya chuma, yeye kulia, mimi kushoto, tukaivuta kutoka ukutani. Ilikwaruza, ikasita, ikaanguka ubavu kwenye vumbi, na mlango wa bweni ukabaki wazi juu, hauna njia ya kuufikia.